Maumbo Yanapoungana: Ulinganifu wa Miseto katika Dimensheni ya Nne

Ndugu walimu, ndugu wanafunzi, na ninyi mliokuja kwa sababu tu mmesikia leo itazungumzwa dimensheni ya nne: karibuni, na ahsanteni kwa kufika.

Naomba tuanze na kitu ambacho kila mmoja wetu anaweza kukichora daftarini. Chora mchemraba. Una ncha nane. Chagua ncha moja, kisha zile tatu unazozifikia kwa kukata mshazari kwenye nyuso tatu zinazokutana hapo. Unganisha ncha hizo nne. Umepata tetrahedroni, yaani piramidi yenye nyuso nne, kila uso pembetatu ya pande sawa. Ncha nne zilizobaki zinatoa tetrahedroni ya pili, iliyogeukia upande mwingine. Ziache zote mbili zikae humo ndani ya mchemraba, zipenyane, na utaona nyota yenye ncha nane. Johannes Kepler aliipa jina la Kilatini, stella octangula, mwanzoni mwa karne ya 17.

Maumbo sanifu, yaani yale ambayo kingo, nyuso na pembe zake zote zinalingana, yakikaa pamoja namna hii, yakiwa na kitovu kimoja, leo nitayaita mseto. Na swali nitakalolifuata ni moja: umbo linapoingia katika mseto, linabaki na kiasi gani cha ulinganifu wake?

Ulinganifu huhesabika. Nikisema mgeuzo, nina maana ya kuzungusha umbo, au kuliakisi kama kwenye kioo, likarudi kukaa palepale lilipokuwa, ncha juu ya ncha. Ukifanya mgeuzo mmoja halafu mwingine, matokeo yake nayo ni mgeuzo. Na kila mgeuzo una wa kuutengua. Mkusanyiko wa migeuzo yote ya umbo moja ndilo kundi la ulinganifu wa umbo hilo. Tetrahedroni ina migeuzo 24, kwa sababu ncha zake nne zinaweza kupangwa upya kwa njia yoyote ile, na njia hizo ni 4 × 3 × 2 × 1. Nusu yake ni mizunguko, nusu ya pili inahitaji kioo. Mchemraba una migeuzo 48, na nyota ya Kepler nayo ina 48 zilezile.

Sasa gawanya. 48 kwa tetrahedroni mbili ni 24. Kila tetrahedroni imebaki na migeuzo yake yote 24. Kuungana na mwenzake hakukuigharimu chochote.

Kugawanya huko kuna sababu, nami naomba muielewe kwa sababu tutaitumia mpaka mwisho. Chukua sehemu moja ya mseto, yoyote. Kila mgeuzo wa mseto unaipeleka sehemu hiyo mahali fulani: ama inabaki pale pale, ama inakwenda kukaa juu ya sehemu nyingine. Ipange migeuzo katika mafungu kulingana na inakoipeleka. Mafungu yote yana ukubwa sawa, kwa maana ukishapata mgeuzo mmoja unaoipeleka sehemu A juu ya sehemu B, unaipata yote mingine ya fungu hilo kwa kuanza na migeuzo inayoiacha A mahali pake. Kwa hiyo, maadamu kila sehemu inaweza kupelekwa juu ya kila nyingine, idadi ya migeuzo ya mseto ukiigawa kwa idadi ya sehemu unapata migeuzo ambayo kila sehemu imebaki nayo. Hiyo tu. Hesabu ya darasa la nne, na inafika mbali kuliko mnavyodhani.

Itazameni ikifanya kazi mahali pagumu kidogo. Dodekahedroni, umbo la nyuso 12 za pembetano, lina ncha 20. Ncha hizo zinaweza kugawanywa kwa tetrahedroni tano, nne nne, bila kubaki hata moja. Dodekahedroni ina migeuzo 120. Ungetegemea mseto wa tetrahedroni tano uwe nayo 120, lakini una 60 tu, na yote ni mizunguko. 60 kwa 5 ni 12. Kila tetrahedroni imepoteza nusu ya migeuzo yake, na nusu iliyopotea ni ile ya vioo. Ndiyo maana mseto huo upo wa aina mbili, mmoja akisi ya mwingine, kama ndara ya mguu wa kulia na ya mguu wa kushoto: huwezi kuuzungusha mmoja ukawa mwenzake. Ukiiweka miseto yote miwili pamoja unapata tetrahedroni kumi, na vioo vinarudi, kundi linakuwa 120 tena. Lakini 120 kwa 10 bado ni 12. Kioo kimeurudia mseto mzima, hakikuirudia tetrahedroni moja moja. Kinachofanya sasa ni kuichukua kila moja na kuipeleka upande wa pili. Miseto sanifu ya dimensheni tatu ni mitano tu, na Edmund Hess wa Ujerumani aliieleza mwaka 1876.

Sasa tupande.

Nukta katika dimensheni ya nne ni namba nne zilizoandikwa kwa mpangilio. Hakuna fumbo zaidi ya hapo. Umbali unapatikana kwa kanuni ileile ya Pythagoras, ila unajumlisha miraba minne badala ya miwili au mitatu. Aliyeingia huku kwanza kwa utaratibu kamili ni Ludwig Schläfli, Mswisi aliyefundisha shule mjini Thun kabla ya kwenda Bern. Kati ya mwaka 1850 na 1852 aliandika kazi ndefu iliyoonyesha kwamba katika dimensheni ya nne kuna maumbo sanifu sita yasiyo na mabonde, na kwamba kuanzia dimensheni ya tano kwenda juu yanabaki matatu tu. Haikuchapishwa nzima hadi 1901, naye alikuwa amefariki mwaka 1895.

Wa pili ninayetaka mumjue ni Alicia Boole Stott, aliyezaliwa 1860, binti wa George Boole ambaye jina lake mnalikuta kwenye mantiki ya kompyuta. Hakusoma chuo kikuu. Aliyapata maumbo yale sita mwenyewe, kwa kuyakata katika mawazo yake na kuvijenga vipande vya mkato kwa karatasi ngumu, kipande baada ya kipande, jinsi umbo la dimensheni nne lingeonekana likipita polepole katika nafasi yetu. Profesa Pieter Schoute wa Groningen, Uholanzi, alikuwa amefikia michoro hiyohiyo kwa njia ya hesabu. Walifanya kazi pamoja mpaka Schoute alipofariki mwaka 1913, na mwaka uliofuata Chuo Kikuu cha Groningen kikamtunuku mama huyu shahada ya heshima ya udaktari. Mwaka 1930, akiwa na miaka 70, alikutana na kijana wa miaka 23 aitwaye Harold Coxeter, nao wakawa marafiki wa hesabu. Coxeter ndiye aliyekuja kuandika orodha ya miseto ambayo nitaizungumzia baadaye. Nikisikia mtu akisema kwamba jiometria ya juu ni ya wenye vyeo, humkumbuka Alicia na mkasi wake.

Maumbo yale sita tunayaita kwa idadi ya seli zake, yaani vipande vya dimensheni tatu vinavyoyafunika kama nyuso zinavyoufunika mchemraba. Lipo la seli 5, lenye migeuzo 120. Yapo la seli 8 na la seli 16, ambayo ni wenzi: katikati ya kila seli ya moja ni ncha ya jingine, kwa hiyo wana kundi moja la migeuzo 384. Lipo la seli 24, migeuzo 1152. Na yapo la seli 120 na la seli 600, wenzi pia, migeuzo 14400.

Umbo la seli 24 ni la pekee. Halifanani na umbo lolote sanifu la dimensheni tatu, wala halina mrithi katika dimensheni ya tano. Lijengeni pamoja nami. Anza na nukta nane zilizo kwenye mihimili minne: moja ya namba ni 1 au −1, nyingine tatu ni sifuri. Hizo ni ncha za umbo la seli 16. Halafu ongeza nukta ambazo kila namba yake ni nusu au nusu hasi. Ziko 16. Umbali wa nukta hizo kutoka kitovuni ni upi? Nusu mara nusu ni robo, robo nne ni moja, kipeuo cha pili cha moja ni moja. Umbali ni 1, sawasawa na zile nane za mwanzo! Katika dimensheni ya tatu hesabu hiyo inatoa pungufu ya moja, katika ya tano inatoa zaidi. Ni ya nne peke yake inayolingana, na kwa sababu hiyo nukta zote 24 zinakaa kwenye tufe moja na kuwa ncha za umbo moja sanifu.

Zile 16 sasa zitenge kwa idadi ya alama za hasi: zenye hasi shufwa upande huu, zenye hasi witiri upande ule. Kila upande una nukta nane, na ukiikagua mihimili yake utaona imesimamiana kwa pembe mraba, kama mihimili tuliyoanza nayo. Kila upande ni umbo la seli 16. Basi ncha 24 zimegawanyika kuwa maumbo matatu ya seli 16, na hakuna kati yao lenye haki zaidi ya wenzake kuitwa la mihimili. Gawanya: 1152 kwa 3 ni 384. Kila umbo la seli 16 limebaki na ulinganifu wake wote.

Kuna utamu zaidi ndani yake. Maumbo matatu yanaweza kupangwa upya kwa njia sita, na zote sita zinapatikana kwa migeuzo ya umbo la seli 24. Migeuzo inayoacha kila moja mahali pake ni 192, na 192 × 6 ni 1152. Utatu huu unajitokeza pia mahali pengine katika aljebra. Élie Cartan aliueleza mwaka 1925 alipokuwa akichunguza mizunguko ya dimensheni ya nane. Na ukichukua maumbo ya seli 16 mawili mawili badala ya moja moja, ncha zao 16 ni za umbo la seli 8. Kwa hiyo yapo matatu ya hayo pia, kila ncha ikitumika mara mbili, na nayo hayapotezi kitu.

Yapo hata maumbo yanayozalisha ulinganifu mpya yakiungana. Umbo la seli 24 ni mwenzi wake lenyewe. Liunganishe na mwenzi huyo: ncha 48, na migeuzo 2304. Kila moja lina 1152 zake zote, na juu yake kuna 1152 nyingine ambazo hakuna aliyekuwa nazo akiwa peke yake, zile zinazobadilishana nafasi za hao wawili. Maumbo mawili ya seli 5 yaliyogeukiana hufanya vivyo hivyo, migeuzo 240.

Mpaka hapa, katika dimensheni ya nne, mseto haujadai bei. Bei inakuja na namba tano.

Hapa lazima nimlete William Rowan Hamilton. Tarehe 16 Oktoba 1843, akitembea kando ya mfereji mjini Dublin, alipata jinsi ya kuzidisha namba nne kwa namba nne, akachora kanuni yake kwenye jiwe la daraja. Zinaitwa kwaternioni. Nukta ya dimensheni ya nne inaandikwa a + bi + cj + dk, ambapo i, j na k kila moja ikizidishwa kwa yenyewe inatoa −1. Ajabu yake ni kwamba ij ni k, lakini ji ni −k. Nani anatangulia ni jambo la maana. Kuzidisha nafasi nzima kutoka kushoto kwa kwaternioni ya urefu 1 ni kuizungusha. Kuzidisha kutoka kulia ni kuizungusha pia, lakini kwa namna nyingine. Mizunguko yote ya dimensheni ya nne inapatikana kwa kuchanganya hizo mbili. Dimensheni ya tatu haina mgawanyo huu wa kushoto na kulia, na hapo ndipo penye siri ya yote yatakayofuata.

Ncha 24 tulizozijenga, zikisomwa kama kwaternioni, zimefungwa: ukizidisha yoyote kwa yoyote unabaki ndani ya zilezile 24. Ni kundi. Na ncha 120 za umbo la seli 600 nazo ni kundi. Ni zile 24 pamoja na 96 nyingine zinazotumia uwiano wa dhahabu, ile 1.618 inayotawala pembetano. Kundi la 24 limo ndani ya kundi la 120, na 120 kwa 24 ni 5. Zidisha zile 24 kutoka kushoto kwa ncha nyingine na unazihamisha mahali papya, umbo zima la seli 24 limehama bila kuvunjika. Ukifanya hivyo hadi ncha ziishe, unapata maumbo matano ya seli 24 yasiyogusana hata ncha moja, yakiwa yamezimaliza 120 zote. Lakini ungeweza pia kuzidisha kutoka kulia. Ungepata matano mengine. Na lile kundi la 24 lenyewe lina ndugu wanne ndani ya 120, wa aina yake kabisa, ambao ungeweza kuanza nao badala yake.

Ukihesabu yote, maumbo ya seli 24 yaliyo ndani ya umbo la seli 600 ni 25. Na yanakaa, sina neno lingine, kwa adabu, katika jedwali.

Chora jedwali la mistari mitano na safu tano. Weka umbo moja katika kila kisanduku. Maumbo matano ya mstari mmoja hayashirikiani ncha yoyote, na kwa pamoja yanamaliza ncha 120. Maumbo matano ya safu moja ni hivyo hivyo. Maumbo mawili yaliyo katika mistari tofauti na safu tofauti yanashirikiana ncha sita kamili, nazo zimepangika kama pembesita sanifu kuzunguka kitovu. Kila ncha imo katika maumbo matano, kwa sababu 25 × 24 ukigawa kwa 120 ni 5, na visanduku hivyo vitano viko kimoja katika kila mstari na kimoja katika kila safu.

Simameni hapo kidogo, maana hapa mimi hupapenda kuliko popote. Kuchagua visanduku vitano, kimoja kila mstari na kimoja kila safu, ni sawa na kupanga vitu vitano, na njia zake ni 120. Nusu ya mipangilio hiyo ni shufwa, yaani inafikiwa kwa kubadilishana vitu viwili viwili mara shufwa. Nusu ni 60. Ncha za umbo la seli 600 ziko 120, lakini ncha na ile inayoikabili ng'ambo ya kitovu zimo katika maumbo yaleyale, kwa hiyo jedwali linaziona kama jozi, na jozi ni 60. Tukiipa mistari na safu majina kwa mpango mmoja, jozi 60 ndizo mipangilio 60 iliyo shufwa, si zaidi wala si pungufu. Umbo lenye seli 600, nyuso 1200, kingo 720, lisiloweza kuonekana kwa jicho la mtu yeyote, limo lote katika jedwali la mtoto wa shule la tano kwa tano.

Na kundi lake je? Someni kutoka jedwalini. Mistari inaweza kupangwa upya kwa njia 60 zilizo shufwa. Safu kwa njia 60, bila kutegemea mistari: mistari ni kazi ya kuzidisha kutoka upande mmoja, safu ni kazi ya upande wa pili. Kuna kugeuza kila ncha kuwa ile inayoikabili, jambo ambalo jedwali halilitambui, na hilo linazidisha kwa 2. Na kuna kubadilisha mistari ikawa safu na safu zikawa mistari, ambako kunazidisha kwa 2 tena. 60 × 60 × 2 × 2. Ni 14400.

Sasa chukueni mseto wa maumbo matano ya mstari mmoja tu. Migeuzo yake ni ipi? Mstari huo lazima ubaki mahali pake, kwa hiyo kati ya njia 60 za kupanga mistari zinabaki 12. Safu ziko huru, 60. Kukabilisha kupo, 2. Lakini kubadilisha mistari kuwa safu kumekatazwa, kwa sababu mstari wetu ungekuwa safu na mseto ungekuwa mwingine. 12 × 60 × 2 ni 1440. Gawanya kwa 5: kila umbo la seli 24 limebaki na 288 kati ya 1152 zake. Robo.

Na kile kilichokatazwa ni nini? Ni kioo. Kuakisi katika kwaternioni ni kugeuza alama za sehemu za i, j na k, na ukiakisi zao la namba mbili, mpangilio wake unapinduka: iliyokuwa kushoto inakwenda kulia. Kioo chochote cha umbo la seli 600 kinageuza kuzidisha kwa kushoto kuwa kwa kulia, kwa hiyo kinageuza mistari kuwa safu. Mseto wa mstari ni wa ndara ya kulia, wa safu ni wa ndara ya kushoto, na ipo mitano kwa kila upande. Tuliliona jambo hili kwa tetrahedroni tano ndani ya dodekahedroni, ila kule tulilishuhudia tu. Huku tumeambiwa sababu.

Weka yote 25 pamoja na vioo vinarudi. 14400 kwa 25 ni 576, nusu ya 1152. Kila umbo limerudishiwa sehemu ya lilichopoteza, si chote.

Umbo la seli 120 ni kubwa zaidi, ncha 600, na bei humo inapanda. Maumbo ya seli 600 yanayoingia ndani yake kwa kutumia ncha zake ni kumi, nayo yamegawanyika katika makundi mawili ya matano yasiyogusana: tano za kulia, tano za kushoto. Mseto wa matano una migeuzo 7200, mizunguko mitupu. 7200 kwa 5 ni 1440. Umbo lililokuja na migeuzo 14400 limebakiwa na sehemu moja ya kumi. Humohumo, ncha 600 zinagawanyika pia kwa maumbo 120 ya seli 5, lile dogo na la kawaida kuliko yote sita. 14400 kwa 120 ni 120, na 120 ndiyo migeuzo yote ya umbo la seli 5. Halikupoteza hata mmoja. Vioo vyake kumi vyote vimo miongoni mwa vioo 60 vya umbo la seli 120. Kwa hiyo msidhani ukubwa wa umbo ndio unaoamua. Kinachoamua ni vioo vyake kama vimo katika vioo vya mwenyeji au havimo.

Mwaka 1948 Coxeter alichapisha orodha ya miseto sanifu ya dimensheni ya nne: 32. Ndani yake mna mingi kati ya hii niliyoieleza na mingine inayotumia maumbo sanifu kumi yenye umbo la nyota, ambayo manne aliyapata Schläfli na Hess akayakamilisha mwaka 1883. Orodha hiyo ilinukuliwa kwa miaka 70. Kisha mwaka 2018 Peter McMullen akaonyesha kwamba sita zilikuwa zimesahaulika, akaziongeza, na akathibitisha kwamba sasa imetimia. Wanafunzi, Coxeter alikuwa mjuzi wa jiometria hii kuliko karibu kila mtu wa karne yake. Orodha yake ilihitaji mtu wa kuirudia mstari kwa mstari na kuuliza kama kweli imekamilika.

Nawaachia kazi ya kwenda nayo nyumbani, na haihitaji zaidi ya mlichokisikia leo pamoja na kompyuta ya kawaida. Ndani ya ncha 600 za umbo la seli 120 mna maumbo 675 ya seli 16. Jaribuni kugawanya: 14400 kwa 675. Haigawanyiki. Ina maana haiwezekani kila moja kati ya hayo 675 lipelekwe juu ya kila jingine kwa migeuzo ya mwenyeji wao. Yamo ya koo zaidi ya moja, yanayofanana kabisa ukiyatoa nje lakini yamekaa humo ndani kwa namna tofauti. Tafuteni koo hizo ni ngapi, kila ukoo una wangapi, na kila mmoja amebaki na migeuzo mingapi kati ya 384. Atakayepata jibu asiniletee namba peke yake. Aniletee na jedwali.